Hisa zimepita kwenye chujio, sasa feza iingie wapi na kwa kiasi gani?

Kuchuja hisa siku hizi si kazi kubwa. Unafungua programu kwenye simu, unaandika unataka kampuni ambayo bei yake haizidi mara 12 ya faida ya mwaka, deni lisipite mtaji, faida iwe imepatikana miaka mitano mfululizo, unabonyeza, na makampuni elfu mbili yanabaki kumi na kitu. Wengi wakifika hapo wanaona mambo yameisha, wanagawa feza yao, ao mbaya zaidi wanatia yote kwa jina la kwanza la orodha. Mimi naona hapo njo kazi inaanza. Chujio linaangalia kampuni moja moja, halijui zikikaa pamoja zitafanya nini siku mambo yakiharibika, na wewe halikujui kabisa, halijui unaishi Lubumbashi, halijui mshahara wako unatoka kwa nani, halijui mwezi wa tisa watoto wanarudi masomoni na minerval, ile feza ya masomo, inangoja.

Orodha ya hisa nzuri na potifolio, yaani hisa zako zote jinsi ulivyozipanga pamoja, ni vitu viwili tofauti. Orodha inajibu swali la "kampuni gani ni nzima?" Potifolio inajibu maswali mengine: kiasi gani kwa kila moja, zipi zinaanguka siku moja, feza yangu iko katika sarafu gani, na lini natoka. Mtu anaweza kuchagua makampuni mazuri kabisa na bado akapoteza vibaya kwa sababu tu ya jinsi alivyoyapanga.

Kuna mdogo wangu mmoja wa Katuba, fundi umeme kwenye kampuni ndogo inayopewa vikazi na migodi ya upande wa Kolwezi, ana dola 2,400 alizozikusanya kupitia likelemba (mchango wa kupokezana) na mshahara. Aliamua kuchuja tu makampuni ambayo kazi yao anaiona ao anaisikia kila siku, na hilo ni wazo zuri, maana ukinunua kitu unachokijua ni vigumu kudanganywa. Orodha yake ikatoka hivi: Glencore, CMOC, Zijin, MMG, ZCCM-IH na Copperbelt Energy za Zambia, halafu benki tatu, KCB, Equity na CRDB, halafu Safaricom na Zambia Sugar. Kumi na moja. Akaniambia, "Yaya, ntagawa feza sawasawa, kila moja sehemu yake, basi."

Nikamwomba tuchukue karatasi, na mbele ya kila jina tusiandike aina ya biashara, tuandike nani anailipa ile kampuni. Hiyo hatua ndogo naipenda kuliko hesabu zote zitakazofuata hapa chini. Glencore ina migodi ya KCC na Mutanda pale Kolwezi, inalipwa na shaba na kobalti. CMOC iliingia mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016 ilipochukua sehemu ya Freeport-McMoRan, tena shaba na kobalti. Zijin ni mshirika wa kampuni ya Ivanhoe kule mgodi wa Kamoa-Kakula, shaba. MMG ina mgodi wa Kinsevere, hapa hapa karibu na Lubumbashi, shaba. ZCCM-IH ni kampuni inayoshika hisa za serikali ya Zambia katika migodi, shaba. Copperbelt Energy ukiiona kwenye chujio imeandikwa "umeme", lakini umeme wake anauza kwa nani? Kwa migodi ya Copperbelt, na mwingine unavuka mpaka kuja kwa migodi ya huku kwetu. Kwa hiyo jina ni umeme, mlipaji ni shaba.

Benki nazo tukaziangalia. Equity ilinunua benki ya BCDC mwaka 2020, KCB ikachukua TMB mwaka 2022, na TMB ni benki iliyozaliwa hapa Lubumbashi, CRDB ya Tanzania ikafungua hapa mwaka 2023. Hizo tatu zina miguu mingine mikubwa, Kenya, Tanzania na kwingine, sisemi zinategemea migodi yetu, lakini mkono mmoja wa kila moja unakopesha watu ambao wateja wao ni migodi. Kwa hiyo kati ya kumi na moja, sita zinakula shaba moja kwa moja, tatu zinaigusa, na mbili tu, Safaricom na sukari, ziko mbali. Akigawa sawasawa, zaidi ya nusu ya akiba yake imekaa juu ya bei moja inayopangwa London. Na mshahara wake umekaa juu ya bei hiyo hiyo!

Si yeye alikosea, ni tabia ya chujio lenyewe. Chujio likitafuta vitu rahisi linavuta ndugu wa ukoo mmoja, kwa sababu soko likichukia sekta fulani, ao sekta ikiwa na mwaka wa faida kubwa, makampuni yake yote yanaonekana rahisi kwa wakati mmoja. Kwa migodi kuko mtego mkubwa zaidi, na huu nauelezea polepole maana umewala watu wengi. Chukua kampuni ya shaba ambayo hisa yake ni dola 100, na mwaka huu shaba iko juu sana, imepata faida ya dola 20 kwa kila hisa. Bei ni mara 5 ya faida, chujio linaipitisha linaona limepata dhahabu. Mwaka unaofuata shaba inaanguka, faida inabaki dola 4. Hata hisa ikishuka hadi dola 50, yaani umepoteza nusu ya feza yako, sasa bei ni mara 12.5 ya faida na chujio linakwambia imekuwa GHALI. Kumbe kampuni za madini zinaonekana rahisi kabisa pale bei ya madini iko kileleni, na zinaonekana ghali pale mambo yamekwisha kuharibika. Dawa yake ni kupima kwa wastani wa faida ya miaka saba ao kumi, mwaka mzuri na mwaka mbaya ndani, usitumie faida ya mwaka mmoja.

Na huku hatuna haja ya kusoma hayo vitabuni. Mwezi wa saba 2008 tani ya shaba ilikuwa karibu dola 9,000, mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule ikawa chini ya 3,000. Viwanda vidogo vingi vya kuyeyusha vikafunga, wenye navyo wengine wakaondoka bila kuaga. Halafu 2015: mwezi wa tisa Glencore ikatangaza inasimamisha uzalishaji wa shaba wa KCC pale Kolwezi na Mopani kule Zambia, ikasimamisha na gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa), na tarehe 28 ya mwezi huo huo hisa yake ikaanguka karibu asilimia 29 kwa siku moja, ikafika kama pensi 69, wakati ilipoingia soko la London mwaka 2011 iliuzwa pensi 530. Mwanzoni mwa 2017 ilikuwa imerudi juu ya pensi 300. Sasa fikiria mtu wa Kolwezi aliyekuwa na hisa hizo na kazi yake iko kwa mgodi. Aliye Zurich anaweza kungoja mwaka na nusu bei irudi. Huyu wa Kolwezi kazi imesimama, kodi ya nyumba inadaiwa, unga unanunuliwa kila wiki, atauza kwa pensi 69 kwa sababu hana njia nyingine. Hasara yake haikutoka kwa kuchagua kampuni mbaya, kampuni iliamka, ilitoka kwa kuwa na vitu viwili vinavyoanguka siku moja.

Hapo njo tunafika kwa Harry Markowitz, Mmarekani aliyeandika makala mwaka 1952 na akapewa Nobel ya uchumi mwaka 1990 pamoja na Merton Miller na William Sharpe. Alichoonyesha kwa hesabu ni kwamba hatari ya potifolio si wastani wa hatari za hisa zake, inategemea zaidi jinsi hisa hizo zinavyotembea pamoja. Tufanye mfano. Kila hisa uliyonayo ina mtikisiko, yaani kuyumba kwa bei juu na chini, wa asilimia 30 kwa mwaka. Ukiwa nazo mbili zinazofanana kabisa, zinapanda pamoja zinashuka pamoja, mtikisiko wa jumla unabaki 30, hujapata kitu. Zikiwa hazina uhusiano wowote unashuka hadi kama 21, bila kubadilisha ubora wa kampuni hata moja.

Sasa ongeza idadi. Hisa kumi za shaba ambazo uhusiano wao ni 0.7 (1 ni mapacha, 0 ni wageni) zinakupa mtikisiko wa kama 25.6. Unaona bado kubwa, unaongeza zingine kumi za shaba, zinakuwa ishirini, mtikisiko unakuwa 25.4. Hisa kumi nzima za ziada zimekupunguzia 0.2 tu! Lakini kumi ambazo uhusiano wao ni 0.2 zinakushusha hadi karibu 16. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimetawanya, nina kampuni ishirini", usimpongeze bado, muulize kwanza walipaji wao ni wangapi.

Kiasi cha kutia kwa kila moja ni swali ambalo watu wanalipita haraka na mimi naona ni zito kuliko kuchagua. Njia ya hesabu kamili ya Markowitz inataka ujue kila hisa italeta faida gani mbele, na hakuna anayejua, ukikosea kidogo kwa makisio mashine inakutilia nusu ya feza kwa hisa moja. Mwaka 2009 watafiti DeMiguel, Garlappi na Uppal walipima mifano 14 ya namna hiyo dhidi ya kugawa sawasawa tu, na hawakuona hata mmoja unaoshinda kwa uhakika. Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "sawasawa" hakuwa mbali na ukweli, ila inatakiwa ugawe sawasawa kwa walipaji kwanza, halafu ndani ya kila mlipaji ugawe kwa majina. Kuko pia njia ya kati, unatia kidogo kwa kile kinachotikisika sana: hisa moja ina mtikisiko wa 20 na nyingine 40, ile tulivu inapata theluthi mbili na ile nyingine theluthi moja. Ni rahisi, unaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu.

Kwa dola 2,400 zake tulifikia hivi. Shaba, dola 200 tu, kampuni moja. Hapo tulibishana sana, maana aliniambia hayo ya shaba njo anayajua vizuri kuliko yote, anajua mgodi gani malori yanatoka na mgodi gani umeme unakatika, na ana haki kabisa, ujuzi huo watu wa London wanaulipia. Shida ni kwamba kitu unachokijua zaidi ni kile kile ambacho maisha yako yamekwisha kukitegemea, mshahara, kiwanja alichonunua, hata wapangaji wa baba yake, wote wako juu ya shaba, kwa hiyo tayari ana shaba nyingi kuliko mzungu yeyote mwenye hisa. Ningekuwa mimi ningetia sifuri. Yeye alitaka 200, na feza ni yake. Benki, dola 600, mbili kati ya tatu, moja ya Kenya na moja ya Tanzania ili shilingi zisiwe za nchi moja. Safaricom 300. Sukari ya Zambia 300. Na 1,000 iliyobaki kwa mfuko wa ETF (unanunuliwa sokoni kama hisa moja) unaobeba makampuni ya dunia nzima, ambayo hayajui Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, iko wapi, na njo sababu ya kuyataka. Angalia tu mfuko unabeba nini ndani: Satrix 40 ya Johannesburg, iliyoanza mwaka 2000, inabeba makampuni makubwa 40 ya soko lile, na ndani yake unakutana tena na Glencore na Anglo American, ukidhani umekimbia migodi kumbe umeingia kwa mlango wa nyuma.

Hizo ni oda sita. Tuseme broka, yule anayekununulia hisa sokoni, anachukua dola 6 kwa oda, ni dola 36, asilimia 1.5 ya feza yote. Orodha nzima ya kumi na moja ingekuwa 66. Mtu anayesikia "tawanya tawanya" akanunua hisa 24 kwa feza hiyo angelipa 144, asilimia 6, kabla hajaona gawio lolote, na siku ya kuuza analipa tena. Feza kidogo haitaki majina mengi, inataka majina machache yenye walipaji tofauti.

Sarafu. Sisi tunaweka akiba kwa dola, tunafikiri kwa dola, lakini hisa hizi ziko kwa shilingi, kwacha, randi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya, mwisho wa mwaka ule ikawa kama 156. Hisa iliyopanda kutoka shilingi 100 hadi 110 ilionekana imeleta asilimia 10, na mtu wa Nairobi akafurahi, lakini wewe wa Lubumbashi ukirudisha kwa dola umepoteza kama asilimia 13. Mwaka 2024 shilingi ikarudi hadi karibu 129 na aliyengoja akapata kinyume chake. Programu ya kuchuja haikuonyeshi hayo, inakuonyesha faida kwa sarafu ya soko. Kwa hiyo kabla ya kununua jumlisha: shilingi za Kenya asilimia ngapi, kwacha ngapi, dola ngapi. Na feza utakayohitaji ndani ya miaka miwili usiitie huko kabisa, iache kwa dola benki.

Jambo lingine ambalo orodha inaficha ni kama hisa inauzika. Soko la Lusaka, lililoanza 1994, ni dogo, kuko hisa zinazoweza kupita siku kadhaa bila mtu kununua wala kuuza, na ile bei unayoiona kwenye simu inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Angalia zimeuzwa ngapi kwa siku katika miezi mitatu ya nyuma. Kama sehemu yako ni kubwa kuliko kinachouzwa kwa siku nzima, punguza, maana siku unataka kutoka wewe njo utakuwa unaangusha bei. Na ukinunua kwa soko kama hilo mwambie broka bei ya juu unayokubali, usimwambie "nunua tu".

Kwa vile Kongo haina soko la hisa, yote haya yanapitia broka wa nchi nyingine, na hapo tafadhali muwe macho. Broka wa kweli ana leseni unayoweza kuikagua, Zambia kwa Securities and Exchange Commission, Kenya kwa Capital Markets Authority, na hisa zinaandikwa kwa jina lako kwenye rejista kuu ya soko. Anayekuomba utume feza kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili "akununulie pamoja na wengine", mwache, hata kama ni ndugu wa kanisani.

Mwaka ukipita sehemu zitakuwa zimehama. Tuseme Safaricom imepanda maradufu, ile 300 imekuwa 600, zingine zimesimama, sasa inashika dola 600 kati ya 2,700, asilimia 22 badala ya 12.5. Si lazima uuze. Kama kila mwezi unaongeza dola hamsini, zielekeze kwa zile zilizobaki nyuma mpaka uwiano urudi, hulipi ada ya kuuza. Uza tu kama kitu kimepita mbali sana, mimi natumia mara mbili ya sehemu yake ya mwanzo, na mara moja kwa mwaka inatosha, anayepanga upya kila wiki anamlipa broka mshahara.

Chujio nalo linarudiwa mara moja kwa mwaka, lakini mlango wa kutoka usiwe sawa na wa kuingia. Uliingia kwa mara 12 ya faida, ukiuza kila kinachofika 13 utakuwa unauza na kununua bila mwisho. Acha nafasi, tuseme 18, ao mpaka sababu ya kununua ivunjike. Njo maana mbele ya kila jina kwenye ile karatasi tuliongeza sentensi moja, umenunua kwa sababu gani, na kitu gani kikitokea unauza. Mwezi wa pili 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi, na mwezi wa kumi ikaleta kwota, yaani kila kampuni inapewa kiasi chake cha kutoa. Kwa mwenye hisa za CMOC ao Glencore bei za siku zile hazikumwambia kitu cha maana, karatasi yake ingemwambia. Kama aliandika "shaba", shaba haikuzuiwa, anabaki. Kama aliandika "kobalti", anarudi mezani, anaangalia kampuni imepewa tani ngapi na bei mpya ya kobalti inafidia kiasi gani, halafu njo anaamua.